Usiseme "limepita": hotuba yangu ya Jumamosi kuhusu mshipa wa shingo, kwa mliokosa

Jamani wengi mmenitumia meseji mnalalamika hamkuwepo, wengine mvua, wengine mlikuwa msibani Chumbageni. Basi nimekaa na kijana wangu tukaisikiliza rekodi ya simu na nimeandika karibu yote kama nilivosema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama hamjambo. Na nyie vijana mliosimama mlangoni nawaona, ingieni, feni zinafanya kazi humu.

Kabla sijasema lolote naomba kila mtu anyanyue vidole viwili aweke hapa, chini ya taya, pembeni ya koromeo. Taratibu. Upande mmoja tu! Mzee wangu wa kanzu ya kahawia, upande mmoja, usishike kote kote, ntakuambia kwa nini. Mnausikia? Du, du, du. Huo ndo mshipa uliowakusanya hapa leo. Unaitwa karotidi, mko nao wawili, kulia na kushoto, na ndo unaobeba sehemu kubwa ya damu inayopanda kwenye ubongo.

Sasa kwa nini upande mmoja. Nani humu alishawahi kupigwa roba? Wanne, watano, poleni. Yule kibaka hajasoma udaktari hata siku moja lakini mshipa huu anaujua kuliko sisi wote. Anakubana hapa kulia na kushoto, sekunde chache giza, ukizinduka simu hakuna, viatu hakuna. Wagiriki wa kale nao waliligundua hilo, na hilo jina karotidi limetoka kwenye neno lao la kupigwa na bumbuwazi, kulala usingizi usio wa kawaida. Yani mshipa umepewa jina la roba.

Sasa mimi leo sikuja kusema habari za vibaka, nimekuja kusema habari ya roba inayokuja polepole, miaka ishirini, thelathini, haina maumivu, na siku ikikubana kwanza inakubana kidogo halafu inakuachia. Na sisi tukiachiwa tunasema nini? Tunasema "limepita".

Ngoja niwape kisa cha baba yangu mdogo. Mwaka 1998, mimi nikiwa bado mwanafunzi wa unesi, nimekuja nyumbani likizo. Baba mdogo yuko chini ya mwembe anacheza bao, na kwenye bao alikuwa mtu wa maneno sana, anakufunga huku anakusimanga. Basi yuko kwenye mtaji, kete kazizoa mkono wa kulia, mara zikamwagika. Zote. Wenzake wakacheka wakasema mzee kashindwa anavuruga mchezo. Akataka kuwajibu, mdomo ukafunguka, maneno hayakutoka, yalitoka maneno ya hovyo kama mtoto anayejifunza kusema. Mmoja akasema upepo mbaya huo, mwingine akaleta maji akamnyunyizia usoni. Dakika kumi hivi. Halafu akakunja ngumi, akakunjua, akasema kwa sauti yake ileile, "limepita, pangeni kete". Wakapanga, na mchezo ule alishinda!

Kesho yake shangazi akamlazimisha kwenda zahanati, wakampima malaria, wakampa dawa za malaria. Siku ya tisa alfajiri alianguka akienda kutawadha. Upande wa kulia wote, na kauli ikaondoka. Aliishi miaka sita mingine, mtu wa maneno yule, akiwa na neno moja tu lililobaki, na neno lenyewe lilikuwa "basi". Akitaka maji, basi. Akifurahi, basi. Akilia, basi.

Hakuna aliyempiga kipimo cha shingo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kwake ilikuwa karotidi. Ila mkono wa kulia na kauli vikienda pamoja, hapohapo vikarudi, halafu vikaenda moja kwa moja ndani ya wiki mbili, nlikuja kuviona tena na tena Uingereza nilikofanya kazi miaka kumi na tisa, wodi ya upasuaji wa mishipa, na kila mgonjwa akinisimulia ilivoanza mimi nilikuwa naona kete zinamwagika.

Sasa shingoni mnatokea nini? Watu wanapenda mfano wa bomba, eti mafuta yanaganda kama uchafu kwenye bomba mpaka maji hayapiti. Mfano huo unapotosha, na ndo unaowauzia watu maji ya ndimu na kitunguu saumu ya "kuzibua mishipa". Mafuta hayakai juu ya ukuta wa mshipa, yanaingia NDANI ya ukuta. Fikirieni jipu. Ngozi juu, usaha chini. Ile kolestro mbaya, wataalamu wetu wanaiita lehemu, inapenya chini ya utando laini wa mshipa, mwili unaleta askari wake kuila, askari wanashiba wanafia hukohuko, panavimba, chokaa inajipanga juu, miaka inaenda. Na mahali pake pa kupenda ni pale karotidi inapogawanyika njia mbili, moja ya ubongo na moja ya uso, manake damu ikifika kwenye panda inazubaa, inazunguka, kama mto unapogawanyika matope yanakaa penye maji yaliyozubaa. Presha inaukwaruza ukuta, sigara inauchoma, sukari inauharibu, umri unafanya yaliyobaki.

Halafu siku moja jipu linapasuka. Damu ikigusa kilichomo inaganda papo hapo, na kipande kidogo, hata kama punje ya mchele, kinachomoka kinapanda juu. Kikikwama kwenye mshipa mdogo ubongoni kikayeyuka, hicho ni kiharusi cha mpito. Kisipoyeyuka, ni kiharusi chenyewe. Mnaona? Kikubwa sio damu kushindwa kupita shingoni, kikubwa ni hicho kipande. Na jipu likishapasuka limepasuka, linaendelea kurusha vipande. Ndo maana nasema "limepita" ni neno la uongo. Kilichopita ni kipande. Jipu bado liko palepale.

Dalili zake mzijue. Mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu au kufa ganzi ghafla, uso kushuka upande, kauli kuvurugika, na hii ya nne watu hawaijui kabisa: jicho moja kuingia giza, kama mtu kashusha pazia toka juu mpaka chini, dakika chache likafunguka. Bibi mmoja kule wodini aliniambia yeye alivua miwani akaipangusa na gauni, akavaa tena, akaipangusa tena, alipomaliza kuipangusa mara ya tatu jicho likawa safi na yeye akaamini alikuwa anafuta uchafu. Ilimtokea mara nne kabla ya kumwambia mtu. Jicho la kushoto, na mshipa wake mbovu ulikuwa wa kushoto. Jicho linafuata upande wa mshipa, mkono unafuata upande wa pili. Mshipa wa kushoto, mkono wa kulia, na kwa wengi wetu kauli inakaa upande wa kushoto wa ubongo.

Baada ya kiharusi cha mpito hatari ni kubwa kuliko wakati wowote siku mbili za mwanzo, halafu wiki mbili. Wiki mbili jamani! Kwetu wiki mbili ni muda wa kupanga nauli. Uingereza utaratibu unasema mtu akishukiwa kupata hicho kitu aonwe na mtaalamu ndani ya saa 24, na kama shingo inahitaji kisu basi ifanyike mapema, isivuke wiki mbili. Sio kwamba wao wanaogopa sana kufa. Ni kwamba faida ya kisu inapungua kila siku unayochelewa, manake wanaokimbilia kupata kiharusi wanakipata mapema, wewe ukifika baada ya miezi mitatu umeshavuka hatari yenyewe au imeshakuangusha.

Kipimo chenyewe hakitishi. Ni altrasaundi ileile ya wajawazito, tunaita Dopla, unapakwa jeli ya baridi shingoni, unasikia damu yako mwenyewe inapuliza fuu, fuu. Hakuna sindano, hakuna mionzi. Majibu yanakuja kwa asilimia, mshipa umebana kiasi gani. Na hapa kuna jambo linalowashangaza watu siku zote. Aliyebana asilimia 80 mwenye dalili anaweza kupelekwa kisu. Aliyeziba asilimia 100, hapana, huyo kwa kawaida hapasuliwi. Ndugu wanakuja juu, mbona mnamwacha aliyeziba kabisa? Kumbukeni jipu na kipande. Mshipa ulioziba kabisa damu haipiti, na pasipopita damu hakuna wa kubeba kipande kwenda juu. Mishipa mingine inasaidia, kuna duara la mishipa chini ya ubongo ambalo lina jina la daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliyelieleza mwaka 1664. Aliyeziba kabisa anatibiwa kwa dawa.

Kisu nacho nikisemee, manake hapa kila mtu anaogopa kukatwa shingo, na haki yenu. Mwaka 1954 pale London, hospitali ya St Mary's, madaktari walimfungua mama mmoja wa miaka 66 aliyekuwa anapatwa na hivi viharusi vya kupita mara kwa mara, zaidi ya mara thelathini. Walimpoza mwili kwanza ili ubongo uvumilie mshipa ukifungwa, wakakata kipande kibovu wakaunga. Akapona. Huyo ndiye aliyewafanya madaktari duniani waamini kwamba inawezekana, ingawa Michael DeBakey kule Houston alikuwa ameshafanya yake mwaka 1953 bila kuitangaza. Halafu mwaka 1991 Marekani na Kanada wakatoa majibu ya utafiti mkubwa, watu wenye dalili na mshipa umebana asilimia 70 kupanda. Waliopewa dawa tu, 26 katika kila 100 walipata kiharusi cha upande ule ndani ya miaka miwili. Waliopasuliwa, 9. Dawa za wakati ule zilikuwa dhaifu kuliko za leo, lakini tofauti hiyo si ya kuipuuza.

Upasuaji wenyewe ukoje? Wanachana shingo, wanabana mshipa juu na chini, wanaufungua kwa urefu, wanabandua ule uchafu na ngozi yake ya ndani, wanashona, mara nyingi kwa kiraka. Mimi nimekishika kile kinachotoka, kwenye kisahani cha chuma. Kina rangi ya njano chafu, kigumu pembeni laini katikati, kama ukoko wa wali uliolowa mafuta, na kina umbo la panda ya manati, manake kimeshika umbo la mshipa wenyewe. Urefu kama nusu ya kidole changu. Unakitazama unasema hiki ndo kilitaka kumuua mtu mzima mwenye wajukuu.

Wengine wanapasuliwa wakiwa macho. Ndio mama, macho, shingo tu ndo imetiwa ganzi. Kuna mzee mmoja mkulima alishikishwa bata wa plastiki, yule wa kuogea watoto anayelia ukimminya. Kama mshipa wa kushoto ndo unaofungwa, bata anakaa mkono wa kulia, na kila dakika anaambiwa minya. Kwii. Minya. Kwii. Bata akinyamaza madaktari wanajua ubongo unakosa damu, wanaweka mrija wa kupitishia damu haraka. Madaktari wazima na mashine zao wote masikio yako kwa bata.

Akirudi wodini ndo kazi yetu manesi ilipoanza. Kila robo saa. Cheka. Toa ulimi. Bana vidole vyangu, vyote viwili, kwa nguvu. Ulimi ukienda upande, kuna mshipa wa fahamu umeguswa, mara nyingi unarudi. Sauti kukwaruza, vilevile. Shingo ikianza kuvimba, hiyo hungojei daktari amalize chai, unapiga kengele, manake damu inajaa na koo linabanwa. Na presha, presha, presha, ikipanda sana baada ya ubongo kupata damu nyingi ghafla ni balaa jingine. Sisemi kisu hakina madhara. Kinaweza kuleta kiharusi kilekile ulichokuja kukikimbia, ndo maana kinataka timu inayokifanya kila wiki, sio mtu anayejaribu.

Kuna njia ya pili, stenti, wanapita kwenye paja na waya mpaka shingoni wanaacha kijibomba cha wavu kinachopanua mshipa. Utafiti wa mwaka 2010 uliwalinganisha: stenti ilileta viharusi zaidi, kisu kilileta mshtuko wa moyo zaidi, na wazee wa kuanzia kama miaka 70 walifanya vizuri zaidi kwa kisu. Kwa hiyo usiende na jibu lako mfukoni, mwache mtaalamu aangalie shingo yako, umri wako, moyo wako.

Haya, sasa nije kwenu mnaosema moyoni, huyu sista anatuambia mambo ya Ulaya. Ni kweli. Huku kwetu viharusi vingi chanzo chake ni presha, na karotidi iliyobana inaonekana kidogo kuliko kwa Wazungu. Ila msijifariji. Kuna utafiti ulifanyika hapahapa Tanzania, kati ya 2003 na 2006, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na Dar es Salaam. Wapya wenye kiharusi Dar walikuwa kama 315 katika kila watu laki moja kwa mwaka, Hai kama 108, baada ya kusawazisha umri. Hiyo ya Dar ni kubwa kuliko nchi nyingi tajiri. Na sasa hivi tunakula nini? Tunakaa kiasi gani? Jipu la shingoni haliulizi pasipoti.

Na habari njema ni kwamba dawa za karotidi ndo hizohizo za moyo na za presha, na wengi wenu mkiwa na tatizo hili mtatibiwa kwa vidonge tu, kisu hamtakiona. Kwanza statini, dawa za kushusha lehemu, kama atovastatini. Hii haikuondolei jipu, inakausha usaha wake na kukaza ngozi ya juu lisipasuke. Lehemu mbaya tunataka ishuke chini ya 1.8 kwenye vipimo vya milimoli, au 70 kwa wale wanaopima kwa miligramu. Ukiumwa misuli sema, dawa itabadilishwa au dozi itapunguzwa, usiache kimyakimya. Na wenye atovastatini msigeuze juisi ya balungi kuwa kinywaji cha kila siku, inaifanya dawa izidi mwilini. Machungwa ya Muheza kuleni, hayana kesi. Pili dawa ya kuzuia damu kuganda, aspirini au klopidogreli, na baada ya kiharusi cha mpito daktari anaweza kukupa zote mbili kwa wiki tatu hivi, halafu unabaki na moja. Presha iwe chini ya 130 kwa 80 kama mwili unastahimili. Sukari. Na sigara, sitaki hata kujadiliana.

Ila nisikilizeni vizuri hapa. Mtu akianguka mbele yako, uso umeshuka na bado umeshuka, USIMPE aspirini. Huku kwetu viharusi vya kuvuja damu ni vingi, na kwa nje vinafanana na vya kuziba, mpaka siti skani, ile picha ya kichwa, ndo inasema. Ukimpa aspirini anayevuja umemwongezea. Mpe gari. Usimpe maji, usimpe uji, atapaliwa.

Kosa la pili ni la mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, mtu msomi, hesabu amefundisha miaka thelathini. Dopla ilionyesha amebana asilimia 60 bila dalili yoyote. Akaanza dawa, miezi minane, akapima lehemu ikawa imeshuka vizuri kabisa. Akaacha dawa. Nikamuuliza mwalimu kwa nini? Akanijibu, "majibu mazuri, nimepona." Nikamwambia mwalimu, mwavuli umekukinga na mvua saa nzima, hujalowa, sasa unaufunga katikati ya mvua kwa sababu hujalowa? Akacheka, akarudi kwenye dawa. Hii nayo ni "limepita" nyingine, imevaa suti tu.

Mtauliza, basi wote twende tukapige Dopla? Hapana. Asiye na dalili simshauri alipe hela kwa ajili hiyo, najua kuna vifurushi vya "kupima mwili mzima" vinauzwa bei ya mbuzi wawili. Utakuta kabano kadogo, utakosa usingizi, na pengine utakimbilia kisu usichokihitaji. Hela hiyo pima presha, sukari na lehemu, baki ununue dawa. Na nyie vijana, kinyozi anayekuzungusha shingo mpaka inalia ko! mwambie anyoe nywele tu. Hilo si jipu, hilo ni mshipa kuchanika, na linawapata watu wa umri wenu.

Mzee mmoja pale mbele ameniuliza kwa sauti ndogo, nami naomba nijibu kwa sauti kubwa. Anasema, "mwanangu, mimi ilinitokea mkono, Jumatatu, ukarudi, sasa leo Jumamosi niko mzima, bado niende?" Ndio baba. Uende leo, sio kesho. Kijana wako yuko hapa? Haya, bodaboda hapana, chukueni bajaji, ntaandika karatasi sasa hivi ya kumpa daktari, na mwambieni neno hili hili, mkono upi, dakika ngapi, siku gani.

Wengine mashine za presha ziko mbili pale mezani karibu na mlango, betri nimebadilisha asubuhi. Tuanze na safu ya mbele. Ukae umeegemea, miguu chini, usiongee. Na waliokunywa kahawa sasa hivi, nawaona na kashata zenu, mtapimwa mwisho, baada ya nusu saa.